Kituo cha Reli ya Mkonge Ndani ya Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana nikiwa na mzigo wa singa za mkonge kichwani, na Fundi Mkuu akaniuliza kama nimepotea njia ya sokoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Machakos, katika jengo la mabati lililokuwa nyuma ya nyumba ya maonyesho. Humo ndimo tulimotengeneza vijumba vya kutazamwa. Nilimjibu kwamba nimeitwa na Mkurugenzi wa maonyesho kuja kuezeka nyumba. Akanionyesha nyumba yenyewe. Ilikuwa juu ya meza, na ingeweza kutosha ndani ya sufuria ya chai.

"Utaezeka hii?"

"Nikipewa mahali pa kukaa, nitaezeka."

Mimi ni mwanamke wa Mitaboni, na kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kusuka viondo, vikapu vyetu vya mkonge, na kuviuza. Mkurugenzi alikuwa ameona viondo vyangu sokoni akafikiri, na alifikiri sawa, kwamba mtu anayeweza kusokota uzi mwembamba namna ile juu ya paja anaweza pia kuezeka paa la ukubwa wa kiganja. Niliezeka. Fundi Mkuu hakunisifu wala hakunilaumu. Alisogeza tu patasi zake upande mmoja wa meza ili nipate pa kuweka vitu vyangu. Kwenye meza hiyo nilikaa mpaka nikastaafu.

Vijana huniuliza, "Shosho, hiyo ilikuwa kazi kweli ama mlikuwa mnacheza?" Nawajibu kwamba mtoto hucheza na kijumba chake mpaka kivunjike, lakini sijaona mtoto aliyeamrishwa kukivunja na kukianza upya kwa sababu dirisha limezidi unene wa ukucha. Sisi tuliamrishwa hivyo mara nyingi, na tulivunja.

Fundi Mkuu aliitwa Mzee Mutiso. Alikuwa mchongaji tangu ujana, amechonga twiga na vifaru vya watalii mpaka akawachukia wanyama wenyewe. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa skeli, yaani kipimo cha kupunguzia. Ukisema skeli ni moja kwa hamsini, maana yake ni kwamba mita moja ya nyumba halisi inakuwa sentimita mbili mezani, na kila kitu kuanzia paa hadi kikombe kilichoachwa dirishani lazima kipungue vivyo hivyo. Huwezi kupunguza nyumba ukasahau kuku. Niliwahi kutengeneza kuku mzuri sana, mwenye mkia wa nyuzi nyekundu, nikamweka uani. Mzee Mutiso akainama, akamtazama.

"Mumbua, huyu kuku wako akinyoosha shingo anachungulia juu ya paa."

Karakana nzima ilivunjika mbavu, nami nikacheka pia, lakini kuku aliondolewa. "Nyumba ndogo haisamehe," Mzee Mutiso alikuwa akisema. "Kwa nyumba kubwa ukikosea kidole, unapiga plasta. Hapa kidole ni ukuta mzima."

Nisijisifu kuliko inavyofaa, lakini tulikuwa mafundi. Kuta tulizitengeneza kwa mti mkavu wa ua la mkonge, ule mlingoti mrefu unaochipuka mkonge ukizeeka. Ndani ni mwepesi, unakatika kwa kisu kama mkate wa jana. Mabati ya paa yalitoka kwenye makopo ya soda. Tulikata kopo, tukalilaza juu ya ubao wenye mifereji, kisha tukapitisha msumari butu kwenye kila mfereji mpaka bati likapata mawimbi. Kutu ilikuwa kazi yangu. Nilipaka majani ya chai yaliyochemka sana pamoja na unga wa tofali, na zaidi ya mgeni mmoja aliniambia kwamba hayo mabati yanahitaji kubadilishwa kabla ya mvua. Fundi chuma wetu, Musyoki, alitengeneza reli kwa spoki za baiskeli.

Nasema reli kwa sababu kazi iliyotupa jina ilikuwa ya reli. Sio ile kubwa ya kwenda Mombasa, ambayo kila mtu anaijua. Upande wa Yatta, kabla ya kufika Katangi, palikuwa na shamba kubwa la mkonge, na shamba hilo lilikuwa na reli yake nyembamba. Mtu mzima angeweza kusimama juu yake, mguu chuma hiki na mguu chuma kile, bila kujitanua. Injini ndogo ilivuta mabehewa ya majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani. Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba likafa. Vyuma vikang'olewa vikauzwa, mataruma yakawa kuni, na wafanyakazi wakaambiwa waondoke. Sisi tulipokwenda kutazama, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuta mahindi.

Mkurugenzi alitaka kituo kikuu cha reli ile kirudi kama kilivyokuwa: nyumba ya kituo, banda la mabehewa, tangi la maji na ofisi ya meneja. Kilikuwa kiwe kitu cha kwanza ambacho mgeni anakiona akiingia mlangoni. Kioo cha kukifunika kilikuwa kimeshaletwa kutoka Nairobi, sanduku pana kama kitanda cha watu wawili, na hakingeweza kuongezwa hata unywele. Kwa hiyo kabla hatujaanza kazi tulikuwa tayari na mpaka.

Hatukuwa na ramani. Tulikuwa na picha moja ya zamani tuliyoazimwa na katekista mmoja wa huko, inayoonyesha kituo kutoka mbele, mlango umefungwa, banda likionekana pembeni. Ni hapo nilipojifunza kwamba jengo lililobomolewa halipotei, linahama tu. Ubao wa jina la kituo tuliukuta Tala, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, umegeuzwa rafu ya misumari. Madirisha mawili yalikuwa kwenye kanisa dogo, yamepakwa rangi ya samawati. Mawe yalikuwa kila mahali, kwenye kuta za watu na kwenye vyoo vya watu. Behewa moja lilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja, analitumia kunyweshea ng'ombe maji. Tulipima kila tulichokipata.

Lakini kipimo tulichokihitaji kuliko vyote kilikuwa kimoja. Ukijua urefu wa kweli wa kitu kimoja kwenye picha, unaweza kupata urefu wa vingine vyote kwa kulinganisha. Kitu hicho sisi tulikiita mama wa vipimo. Mama wa vipimo wetu alikuwa mlango wa kituo, na mlango huo, tuliambiwa, ulikuwa Katangi, kwenye duka la mama mmoja anayeitwa Mama Mwende.

Tulimkuta amekaa nyuma ya kaunta akipepeta pojo. Mlango ulikuwa nyuma yetu, mbao za kusimama zenye rangi ya kijani, na tuliutambua mara moja. Mzee Mutiso akatoa tepu.

"Aiya! Mnapima mlango wangu wa nini? Mnataka kuubeba?"

"Hapana, mwaitu," nikasema. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na kwake ilifaa, kwa kuwa alinizidi umri. "Tunatengeneza kile kituo cha reli, lakini kidogo, kiwekwe Machakos watu waone."

"Kituo chote?"

"Kituo, banda, tangi na ofisi ya meneja."

"Na kambi?"

Mzee Mutiso akajibu, "Kambi haiko kwa kazi tulipewa, mama."

"Basi hata mlango hauko." Akainuka, akabeba kiti chake, akaja kukiweka kizingitini na kukikalia. Kisha akaendelea kupepeta pojo zake kana kwamba sisi ni wateja tusio na haraka.

Mzee Mutiso alikuwa mtu wa hasira za karibu. Nilimwomba aende akanunue soda, akaenda. Nikachuchumaa kando ya kile kiti nikamuuliza Mama Mwende kwa nini kambi.

"Mimi nilikaa hiyo kambi tangu niolewe," akasema. "Bwanangu alikuwa mtu wa breki kwa yale mabehewa. Nyumba zilikuwa laini moja, na kila mtu alikuwa na jiko lake nyuma. Sasa wewe unasikia watu wananiita Mama Mwende. Ni sawa, Mwende ni mtoto wangu. Lakini Mwende ni wa pili. Wa kwanza ni Mutua. Alikufa hajaanza kutembea, tukamzika nyuma ya jiko. Niliweka jiwe hapo. Tulipofukuzwa, trekta ikaja ikalima yote, hata jiwe ikapeleka. Saa hii kuna mahindi ya mtu. Nikienda huko nasimama tu kama mtu amepoteza kisu. Siwezi kuonyesha mtu, ati hapa ndio pale."

Hakulia. Alikuwa amelia zamani. Mimi ndiye niliyetaka kulia, kwa kuwa nami ni mama, na nilijua kila mtoto wangu alipo.

"Kambi itakuwepo," nikamwambia. "Na jiko lako litakuwepo."

Sikuwa na cheo cha kuahidi hata msumari, na nilijua hivyo wakati nikisema. Lakini nilisema. Mama Mwende akasogeza kiti. Kisha akachukua konzi ya mahindi akayapanga juu ya kaunta, punje moja nyumba moja, akanionyesha laini ilivyokuwa, bomba la maji mahali lilipokuwa, na nyumba yake ilikuwa ya ngapi kutoka kwenye bomba. Nilichora huku Mzee Mutiso, aliyekuwa amerudi na soda, akipima mlango.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Umeahidi kitu hujapewa."

"Ndiyo, Fundi. Na ahadi ni deni."

"Deni lako. Usiniingize."

Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya, na nisingependa msomaji amwone hivyo. Alikuwa mtu nadhifu aliyependa vitu viwe na mpangilio, na karakana ile ilisimama kwa jitihada zake. Nilimweleza habari ya kambi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo.

"Mumbua, itakaa wapi? Niambie tu mahali. Pia fikiria, hawa wageni watatoka Nairobi kuja kuona reli. Hawatatoka Nairobi kuja kuona jiko."

Tulikuwa tumeshapanga kila kitu kwa skeli ya moja kwa hamsini, na kituo kilikula kioo chote, ukingo hadi ukingo. Nilirudi mezani na uchungu moyoni. Kwa wiki kadhaa niliezeka, nikapaka kutu, nikasokota kamba, na kila nilipofunga fundo nilimwona yule mama amekaa kizingitini. Nilikuwa nimepokea mlango wake kwa neno, na neno lenyewe lilikuwa hewa.

Kazi nayo ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kituo kilisimama. Tangi lilitengenezwa kwa kopo la maziwa ya unga likapendeza. Musyoki alimaliza mabehewa, nami nikapewa kuyapakia mkonge. Nilikata majani kwa nyuzi ngumu, nikayafunga matita, nikayapanga juu ya behewa. Nilipolisukuma, mzigo ukagonga kizingiti cha juu cha mlango wa banda. Nikadhani nimezidisha mzigo. Nikachukua mkasi nikaupunguza, likapita, nikaendelea na mambo mengine.

Siku moja asubuhi, kazi ikiwa karibu kwisha, Mama Mwende alitokea mlangoni mwa karakana akiwa na kitambaa chake cha Jumapili kichwani na kiondo begani. Hakuna aliyekuwa amemwita. Nilitamani ardhi inimeze.

Alisalimu kila mtu kwa mkono. Kisha akaizunguka meza, taratibu, akiangalia.

"Kambi iko wapi?"

"Haikupata nafasi, mwaitu," nikasema. "Nilijaribu. Kioo ni kidogo."

Nilitegemea anigombeze, na ningestahili. Hakunigombeza. Aliinama akachungulia behewa langu.

"Na hii imebeba nini? Mkonge?"

"Ndiyo."

"Nani alipakia? Hii kidogo hivi, nyapara angerudisha huyu mtu shamba akimbie. Behewa lilikuwa linajazwa mpaka mtu wa breki haoni mwenzake."

Mzee Mutiso akaingilia. "Likijazwa hivyo halitapita kwa banda, mama."

"Kwetu lilikuwa linapita."

Mzee Mutiso akasogea kwenye meza. Akachukua rula yake. Akapima banda, akapima behewa, akapima banda tena. Behewa tulikuwa na uhakika nalo, kwa maana tulilipima lenyewe pale linapotumiwa kunyweshea ng'ombe. Banda tulikuwa tumelipata kwa kulinganisha na mlango.

Hapo Mama Mwende akaingiza mkono kwenye kiondo akatoa kipande cha ubao. Upande mmoja ulikuwa umejaa makovu ya kisu, maana alikuwa akikatia sukuma wiki. Akaugeuza. Upande wa pili ulikuwa wa kijani.

"Huo mlango mlipima ulikatwa," akasema. "Duka langu ni fupi. Bwanangu alikata miguu ya mlango ndio uingie. Mbao zingine nilichoma, hii nikabaki nayo."

Mzee Mutiso alichukua ule ubao akaushika kwa mikono miwili.

"Bawaba ya chini," akasema polepole. "Ilikuwa karibu iguse sakafu. Niliiona. Niliiona kwa macho yangu, nikapima tu." Akakaa.

Ninyi mnaosoma haya mwelewe maana yake. Mlango ulikuwa mfupi, na mlango ndio uliozaa kuta, paa, banda, tangi, kila kitu. Tulikuwa tumejenga kituo kizima kinachopendeza na ambacho hakikuwahi kuwepo duniani. Mama wa vipimo alikuwa amekatwa miguu, na watoto wake wote wakazaliwa wafupi.

"Mama," nikamuuliza, "mbona hukutuambia siku ile?"

Akanitazama bila aibu yoyote.

"Ningewaambia, mngekuwa na haja na mimi tena? Wewe nilikuamini. Lakini wewe si mkubwa hapa. Nilijua kambi mnaweza kusahau. Mlango hamwezi."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikaanza kucheka, Musyoki naye akacheka, na mwishowe hata Mzee Mutiso mabega yakaanza kumcheza. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za huyu mama zilikuwa zimesukwa vizuri.

Tulikwenda kwa Mkurugenzi watatu, Mzee Mutiso mbele na ubao wa sukuma mkononi, mimi na Musyoki nyuma yake. Mama Mwende tulimwachia chai karakana.

"Kituo ni kifupi, bwana Mkurugenzi," Mzee Mutiso akasema. "Tunabomoa."

Mkurugenzi alishika kichwa. Alipoelezwa alitulia, maana alikuwa mtu wa kuelewa. "Sawa. Basi jengeni kwa urefu wake wa kweli."

"Kwa urefu wake wa kweli hakiingii kwenye kioo. Lazima tushuke skeli. Moja kwa sitini itatosha."

Niliona nafasi yangu, nikapiga moyo konde. "Na tukishuka zaidi kidogo? Moja kwa sabini na tano?"

"Ya nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Sitini inatosha kituo. Sabini na tano inatosha kituo na kambi. Tunabomoa kila kitu hata hivyo, bwana Mkurugenzi. Kazi ni ile ile."

Mkurugenzi akamgeukia Mzee Mutiso. "Fundi Mkuu, wewe unasemaje?"

Nilimtazama Mzee Mutiso. Aliniambia zamani kwamba deni ni langu nisimwingize, na ningemwelewa kama angekaa kando. Aliugeuza ubao mkononi, upande wa kijani, upande wa makovu.

"Mimi nasema sabini na tano. Reli haikuwa inajiendesha. Mtu wa breki alikuwa analala mahali, na kuna mtu alikuwa anampikia."

Mkurugenzi alichukua ubao akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Labda alimkumbuka mama yake mwenyewe, sijui. Alirudisha ubao akasema, "Wekeni jiko lenu."

Tulibomoa, tukajenga upya. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Vitu vikizidi kuwa vidogo, macho yanachoka upesi na gundi inashika vidole kuliko mbao, lakini hakuna aliyelalamika. Nilipakia behewa mkonge hadi juu kabisa, mtu wa breki asimwone mwenzake, nikalisukuma, likapita ndani ya banda bila kugusa. Nyuma ya banda nikapanga kambi kwa mfano wa zile punje za mahindi: laini moja ya nyumba, bomba, na nyuma ya kila nyumba jiko la udongo lenye paa la nyasi. Mapaa yale niliyaezeka yote kwa mkono wangu, kwa singa nyembamba kuliko zote nilizowahi kusokota.

Kabla ya kioo kufungwa nilituma ujumbe Katangi. Mama Mwende alikuja akiwa na kitambaa kile kile. Alisimama upande wa kambi, akatafuta bomba, akahesabu nyumba kwa kidole bila kuzigusa, akafika kwenye yake. Akapeleka kidole nyuma ya jiko.

"Hapa," akasema. "Hapa ndio pale."

Akafungua fundo la kitambaa alichofunga pesa zake za nauli, akatoa kijiwe. Kilikuwa kijiwe cha kawaida, chekundu, ukubwa wa haragwe. Alikuwa amekiokota kwenye yale mahindi. Akakiweka nyuma ya jiko, akarudisha mkono.

Sisi wote tulimtazama Mzee Mutiso. Kwa skeli yetu, jiwe lile lilikuwa kubwa kama ndama aliyelala. Lilikuwa refu kuliko dirisha la jiko. Huyu ndiye mtu aliyemfukuza kuku wangu, aliyevunja madirisha ya watu kwa unene wa ukucha. Alisogea, akainama karibu kabisa, akatoa kibano chake mfukoni.

Akaliinua jiwe kwa kibano, akatia tone la gundi chini yake, akalirudisha pale pale lilipokuwa. Akalishikilia mpaka likashika.

"Lisitikisike wakifunga kioo," akasema, na kwenda kunawa mikono.

Nilimshika yule mama begani. "Ni muvea, Mama Mutua," nikamwambia, yaani asante.

Alinigeukia haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Halafu akalia, na safari hii tulilia wote wawili, tukafutana machozi kwa kitambaa kimoja cha Jumapili.

Siku ya ufunguzi wageni walikuja kutoka Nairobi kweli. Walisimama upande wa kituo, wakasifu injini, wakasifu kutu yangu, na Mkurugenzi akatoa hotuba. Mama Mutua hakusimama upande wa kituo. Alizunguka akasimama nyuma, upande wa kambi, akiwa na Mwende na wajukuu wake, akawaonyesha. Baadaye watu wengine wa ile kambi walianza kuja, wazee kwa wazee, kutoka Katangi na Tala na kwingine, na nilizoea kusikia sauti zikibishana mbele ya kioo kuhusu nani alikaa nyumba gani. Mkurugenzi mwenyewe aliniambia siku moja kwamba upande wa jiko ndio unaochafuka kwa alama za vidole.

Tulifanya kazi nyingine nyingi baada ya hiyo. Mzee Mutiso alistaafu kabla yangu, nikawa Fundi Mkuu, mwanamke wa kwanza kwenye karakana ile, na nisijifanye kwamba sikufurahia cheo. Niliwatimua kuku wengi. Miaka ya elfu mbili ilipokuwa ikielekea kwisha, macho yangu nayo yakaniambia yametosha, nikastaafu.

Kazi yetu watu huidharau kwa sababu ni ndogo. Mimi sijawahi kuiona ndogo. Najua mahali nilipokosea, na najua mahali nilipopatia, na si kila mzee anaweza kusema hivyo juu ya kazi yake. Kama unataka kuifanya, ujifunze skeli mpaka iingie kwenye vidole, na ukienda kupima kitu cha mtu, usiangalie kitu tu. Kaa chini, umsikilize mwenye kitu.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi kazi fundi aliyepokea meza yangu, binti makini mwenye macho makali. Tulifungua kioo ili nimwonyeshe jinsi ya kupangusa vumbi. Alizunguka kituo, banda, tangi, akafika kambini. Akasimama. Nilijua ameona nini, na nilimpenda kwa kuliona.

"Mwaitu, hapa nyuma ya jiko kuna jiwe. Ni kubwa sana, halifuati skeli. Nilitoe?"

"Usiliguse," nikamwambia. "Kila kitu humo ndani tulikipunguza. Hilo halikupunguzwa."